Kampuni Iliyolea Mji: Hukumu ya Bana Shaba juu ya Mzazi Wao

Maandishi ya kumbukumbu yanayowahusu wazazi wasio wa kawaida yana ugumu mmoja unaomkabili kila anayeyachambua: anayetoa hukumu ndiye aliyelelewa, na vipimo anavyotumia kumpimia mzazi wake alivipata kwa mzazi huyohuyo. Katika mji wa Lubumbashi ugumu huo umevuka mipaka ya nyumba ya mtu mmoja na kuwa suala la historia ya mji mzima, kwa sababu mzazi anayesimuliwa, anayesifiwa na anayeshtakiwa huko ni kampuni ya madini: Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, pamoja na mrithi wake wa serikali, Gécamines. Wazee waliokulia katika kambi zake husema kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa baba na ndiyo iliyokuwa mama. Msikilizaji wa haraka anaweza kuuchukua usemi huo kuwa shukrani tupu, lakini ukichunguzwa pamoja na masimulizi yanayouzunguka, unaonekana kubeba madai, lawama na hesabu ambayo mpaka leo haijafungwa.

Mji huu una utajiri wa vyanzo ambao miji mingi ya Afrika ya kati haina. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya Élisabethville aliyoiita kwa Kifaransa *Vocabulaire*, ingawa si kamusi bali ni simulizi la mji kama ulivyoonekana na wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika mfululizo wa picha zipatazo mia moja, akamfafanulia kila picha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kuanzia mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliowashirikisha wanahistoria Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya masimulizi ya maisha ya wakazi wa kawaida, na mwaka 2001 Dibwe alichapisha kitabu ambacho jina lake la Kifaransa lina maana ya Bana Shaba waliotelekezwa na baba yao. Bana Shaba ni watu wa nchi ya shaba. Shaba ndilo lililokuwa jina rasmi la mkoa wa Katanga kuanzia 1971 hadi 1997. Hivyo jalada la kitabu hicho linataja mambo mawili ambayo mwanahistoria hana budi kuyapima pamoja, yaani kwamba baba alikuwapo, na kwamba aliondoka.

Hata hivyo baba huyo hakuanza kama baba. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, iliasisiwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika, na mwaka 1911 tanuri lililojengwa karibu na mto Lubumbashi lilianza kutoa shaba. Watu wa kuchimba, kubeba na kuchochea moto hawakutosha katika vijiji vya jirani, na kwa hiyo mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, wakala wa kuandikisha wafanyakazi katika vijiji vya mbali, huku wengine wengi wakiletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini kwa mikataba ya miezi michache. Mfanyakazi wa wakati huo alikuwa mwanamume aliyeacha familia kwao, aliyelala katika kibanda chenye msongamano, na aliyekabiliwa na nimonia, kuhara damu na homa za kila aina, mpaka mafua makali ya mwaka 1918 yakaongeza vifo juu ya vifo. Gharama ya kumzaa, kumkuza na kumuuguza mtu huyo ilibebwa na kijiji chake, na kampuni ilimpokea akiwa tayari amekua, ikamtumia, kisha ikamrudisha akiwa hai, akiwa mgonjwa, au isimrudishe kabisa.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, na sababu zake zilikuwa za hesabu kabla hazijawa za huruma. Migodi mipya ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kuwahitaji watu walewale, utawala wa kikoloni ulihofia kwamba vijiji vya Kongo vinamalizwa na uandikishaji, na kumfundisha kazi mtu ambaye angeondoka baada ya miezi sita kulionekana kuwa hasara. Karibu na mwaka 1928 Union Minière iliingia katika sera iliyojulikana kama kutuliza nguvukazi, yaani kumfanya mfanyakazi akae mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa mkataba wa miaka mitatu, akiwa na mke wake na watoto wake ndani ya kambi. Familia zilitoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, zikapewa nyumba kulingana na hali ya mfanyakazi, na mtoto aliyezaliwa kambini akaanza kuonwa kuwa mfanyakazi wa kesho ambaye hangehitaji kutafutwa mbali wala kuzoeshwa upya sauti ya king'ora. Tangu hapo gharama ya malezi, ambayo kijiji kiliibeba bila malipo, ilihamia kwa kampuni, na pamoja nayo ikahamia mamlaka ya mlezi.

Nguvu za mzazi huyu hazina budi kuelezwa bila kupunguzwa, kwa sababu wanaozikumbuka hawazibuni. Kila wiki familia ilipokea posho, yaani mgawo wa chakula uliokuwa na unga wa kupikia bukari (ugali), maharagwe, samaki au nyama, mafuta na chumvi, na mgawo huo ulihesabiwa kwa kumjumlisha mke na watoto walioandikishwa, kiasi kwamba mtoto mpya hakuwa mzigo mtupu kwa mfuko wa baba yake. Mama mjamzito alifuatiliwa katika kliniki ya kampuni, akajifungulia katika wodi ya kampuni, na mtoto wake akapimwa uzito na kupewa maziwa na uji chini ya uangalizi wa shirika la kulinda watoto ambalo kampuni ililiendesha. Vifo vya watoto wachanga na vya wafanyakazi, ambavyo katika miaka ya mwanzo vilitisha, vilishuka sana ilipofika miaka ya 1950. Shule za msingi zilijengwa ndani ya kambi na kukabidhiwa wamisionari Wabenediktini wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne, wasichana na wake walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika katika vituo vya jamii, na vijana walipewa viwanja vya mpira, bendi na skauti. Hata timu inayojulikana leo kama TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini kwa jina la Saint-Georges, ikiwa sehemu ya juhudi hiyo pana ya kuwapangia vijana wa mji saa zao za mapumziko.

Udhaifu wa mzazi huyo ulikuwa ndani ya nguvu hizohizo. Msimamizi mkuu wa mfumo wa malezi, daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika, alichapisha mwaka 1946 maelezo ya sera ya jamii ya kampuni, na humo alieleza waziwazi kwamba mtawala wa kikoloni asisahau kuwa Mwafrika ana roho ya kitoto inayohitaji mlezi mwenye upendo na ukali kwa pamoja. Wanahistoria huuita msimamo huo ubaba wa kampuni, kwa maana ya utaratibu ambamo mwajiri humpa mfanyakazi mahitaji yake ya maisha badala ya kumpa mshahara wa kutosha kuyanunua, kisha akadai utii anaodai baba kwa mwanawe. Mtu mzima mwenye mke na watoto watano aliitwa mtoto, na kwa kuwa mtoto haachiwi fedha, sehemu kubwa ya stahili yake ililipwa kwa unga, nyumba na dawa. Mkuu wa kambi, aliyekuwa Mzungu, alikuwa na uwezo wa kuamua nani aingie kambini na nani atoke, mke yupi atambuliwe, mgeni alale siku ngapi, na ugomvi wa mume na mke uamuliwe vipi, kwa hiyo hakuna mlango wa nyumba uliokuwa umefungwa kwa kampuni.

Athari ya mfumo huo ndani ya familia ilikuwa ya pande mbili, na hapo ndipo uchambuzi wa Dibwe una uzito mkubwa. Kwa upande mmoja kampuni ilimkweza mume, kwa sababu posho, nyumba na jina la familia katika daftari vilitegemea ajira yake, na mke ambaye kijijini angekuwa na shamba lake na ghala lake alijikuta kambini akimtegemea mume kwa kila kibaba cha unga. Kwa upande wa pili ilimshusha mume huyohuyo, kwa kuwa watoto waliona kila siku kwamba anayewalisha, anayewatibu na anayewasomesha si yeye bali ni yule anayempigia king'ora, na kwamba baba yao angeweza kukaripiwa mbele yao kama wao walivyokaripiwa naye. Mamlaka ya baba wa kambini ilikuwa ya kuazimwa. Ilikuwa imara maadamu mwenye nayo hajaidai, na wajomba, mashangazi na mababu, ambao katika ukoo wangesaidia kulea na kuonya, walikuwa wageni wa kuombewa kibali mlangoni.

Mwezi Desemba 1941 watoto walimdai baba. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha uzalishaji na bei za bidhaa huku mishahara ikibaki nyuma, na wafanyakazi wa Union Minière waligoma katika miji kadhaa ya Katanga. Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Élisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira, gavana wa mkoa Amour Maron akafika na askari, na mazungumzo na viongozi wao, aliyejulikana zaidi kati yao akiwa karani Léonard Mpoyi, yaliishia kwa risasi zilizomuua Mpoyi na makumi ya wenzake. Katika picha za Tshibumba na katika masimulizi ya wazee tukio hilo limekaa karibu sana na kumbukumbu za posho na kliniki, na ukaribu huo una somo kwa mwanahistoria: wasimulizi hawaoni mkanganyiko kati ya mkono uliogawa maziwa na mkono uliofyatua bunduki. Ubaba wa kampuni uliahidi chakula kwa masharti ya ukimya, na mwaka 1941 masharti hayo yalisomwa kwa sauti. Baada ya mauaji hayo kampuni iliendelea kuboresha huduma zake, jambo linaloonyesha kwamba wema wake haukuwa zawadi tupu, bali ulijibu pia hofu ambayo wafanyakazi wenyewe waliipandikiza kwa gharama ya damu.

Kampuni haikuwa mlezi pekee asiye wa kawaida katika Katanga, na kulinganisha husaidia kupima. Watumishi wa nyumbani wa André Yav walilelewa, kama neno hilo linafaa, na bwana mmojammoja, bila kliniki wala shule ya kambi, na simulizi lao, ambalo mara kwa mara linawataja baba na mababu waliotangulia kuwatumikia Wazungu, linawapima mabwana kwa tabia: nani alikuwa mkali, nani alilipa, nani alijua kuishi na watu. Kwa upande mwingine yuko mlezi wa tatu, Kanisa, anayeelezwa na mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe katika kitabu cha kumbukumbu cha mwaka 1994, *Les corps glorieux des mots et des êtres*. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1941, aliingia mapema katika malezi ya Wabenediktini, akawa mtawa nchini Rwanda kabla ya kuuacha utawa, na baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Kitabu chake kinakubali kwamba nidhamu ya watawa ilimpa lugha, vitabu na uwezo wa kufikiri, na kinakubali vilevile kwamba ilimtenga mtoto na nyumba yake kabla hajajua anachotengwa nacho. Tofauti yake na Bana Shaba wa kambini ni kwamba alichopewa kilibebeka, kwa sababu msomi anaweza kuuacha utawa na kuondoka na Kilatini chake, ilhali mfanyakazi aliyeacha kampuni hakuondoka na nyumba, posho wala hospitali.

Uhuru wa mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963 na kutaifishwa kwa Union Minière mnamo Januari 1967 havikumaliza uhusiano wa kampuni na watoto wake. Gécamines ilirithi migodi pamoja na watoto, na kwa muda ikawalea vizuri kuliko mtangulizi wake, kwa kuwa sasa Mkongo aliweza kuwa mhandisi au mkuu wa idara, shule za kampuni ziliongezwa, na unga uliendelea kugawiwa. Masimulizi mengi yanapotaja enzi ya neema, huchanganya bila wasiwasi miaka ya mwisho ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya Gécamines, jambo linaloonyesha kwamba kinachokumbukwa ni utaratibu wa malezi, na si bendera iliyopepea juu yake. Hata hivyo bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mapato ya kampuni yalichotwa na utawala wa Rais Mobutu badala ya kurudishwa katika mitambo, na mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Uzalishaji, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ukashuka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi mingi.

Ubora wa malezi hujulikana mlezi anapokosekana, na miaka hiyo ilifichua mambo mawili. La kwanza ni udugu. Kampuni ilikuwa imewachanganya Waluba wa Kasai, Waluba wa Katanga, Wabemba, Walunda na wengine katika safu moja ya nyumba, ikawapa Kiswahili kuwa lugha ya pamoja, lakini ilikuwa pia imezoea kuyapa makundi hayo sifa tofauti na nafasi tofauti kazini. Mwaka 1992 na 1993, wakati kazi zilipokuwa zimeadimika na wanasiasa wa mkoa wakichochea chuki, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi, hasa Likasi na Kolwezi, wakiwemo waliozaliwa na wazazi waliozaliwa kambini. Ndugu wa kambi moja waligombania urithi wa mzazi aliyekuwa anakufa, na hapakuwa na mzee wa ukoo mwenye mamlaka ya kuwaamulia, kwa kuwa nafasi ya wazee wa ukoo ilikuwa imejazwa na ofisi.

Jambo la pili ni riziki. Baba aliyerudi nyumbani bila mshahara alikuta mamlaka yake imekwisha pamoja na posho, na familia ikashikiliwa na wale ambao mfumo haukuwahi kuwahesabu kuwa watafutaji: wanawake waliouza unga, mboga na makaa sokoni au mbele ya nyumba, na vijana walioingia katika uchimbaji mdogo wa kobalti na shaba. Mwaka 2003, chini ya mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa fedha za mara moja na kuondolewa, na wengi wao wakaungana kudai kwamba walichopewa hakikufikia walichostahili. Madai hayo ya ajira yalitolewa pia kwa lugha ya familia, na mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers ameonyesha jinsi wafanyakazi hao wa zamani walivyokabili soko huria kwa kumbukumbu na matarajio ya ubaba wa kampuni.

Sifa ambazo wazee wa Lubumbashi huimwagia kampuni zinafaa kusomwa kwa kuzingatia historia hiyo. Baadhi ya wachambuzi huziona kuwa hamu ya kurudia ukoloni, na wengine huziona kuwa usahaulifu wa watu waliopigwa na umaskini, ilhali watu haohao wanaosifu posho ndio walionunua na kutundika ukutani picha za aina iliyoitwa *Colonie belge*, ambazo humwonyesha mfungwa akichapwa chikoti mbele ya afisa Mzungu. Anayetundika picha hiyo sebuleni na kusifu kliniki ya kampuni mezani hajasahau chochote. Anachofanya ni kumkumbusha anayetawala leo kwamba hata mtawala mkatili alijua wajibu wa kulisha, na kwa hiyo anayechimba kobalti katika ardhi hiyo bila kujenga shule wala hospitali amepungukiwa hata na kipimo cha chini. Sifa ya marehemu imekuwa njia ya kumdai aliye hai.

Mizani ya haki, basi, haitoki katika kuorodhesha mema upande mmoja na mabaya upande wa pili kisha kutafuta tofauti, kwa kuwa katika malezi haya kila jema lilifungwa kwenye baya lake: posho ilishibisha kwa sababu mshahara haukutosha, kliniki iliokoa watoto kwa sababu watoto hao walikuwa nguvukazi ya kesho, na amani ya kambi ilitoka kwa ofisi iliyoingia hadi chumbani. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi kulea, na kampuni ililea kweli. Hilo halikanushiki na wanaolishuhudia wana haki ya kusikilizwa. Lakini mzazi hupimwa pia kwa uwezo anaowaachia watoto wa kuishi bila yeye, na hapo Union Minière na Gécamines zilishindwa kwa pamoja, kwa kuwa zililea wafanyakazi hodari wa mitambo ambao hawakuruhusiwa kumiliki nyumba walizolala, kuendesha shule walikosoma watoto wao, wala kuamua mambo ya mtaa wao wenyewe. Vizazi vilivyofuata vilijifunza mambo hayo sokoni, makanisani na katika vyama vya mitaa, kwa kuchelewa na kwa maumivu, na wengi wa walimu wao walikuwa akina mama ambao daftari la kampuni liliwaandika kuwa wategemezi.